Herufi K

Umeniuliza, Khavere, usomee nini,
ukatandaza mezani brosha tatu za vyuo
zenye vijana wanaochekea kompyuta,
nami nikatafuta miwani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Mtu aliyepokonywa kazi na mashine mara mbili
hana haraka ya kuelekeza njia.

Nilianzia Grogan, ghorofani, juu ya duka la vipuri,
nina miaka kumi na tisa na suruali ya kuazima.
Kuokota herufi za risasi, moja, moja,
kuzipanga nyuma mbele, kichwa chini,
hadi sentensi isimame mkononi
nzito kama kilo ya sukari.
Bwana Virdi alisema: kazi hii haifi, watu wataoana daima.
Na kweli, bado wanaoana.

Sanduku za herufi zilitoka ng'ambo,
zimepimwa kwa lugha ya wenyewe.
K zilikuwa haba.
Kadi moja tu, *karibuni kushuhudia kufungwa kwa ndoa*,
na kijisanduku kimebaki vumbi.
(A usiniulize.)
Fundi Ndolo akawa anachukua R, anaziparuza kwa tupa
mpaka zikubali kuitwa K.
Nusu ya ndoa za Makadara zilifungwa kwa K za Ndolo,
zimepinda mguu,
na nyingi zimedumu.

Kisha herufi zikakosa uzito.
Ijumaa moja nikaitwa ofisini.
Karatasi ilikuwa mezani, imemwelekea yeye.
Akaanza na chai, akapitia habari za nyumbani,
akazunguka kwenye bei ya karatasi na hali ya soko,
na mimi nilikuwa nimeshamaliza kusoma.
Kichwa chini ndiyo lugha yangu.
Mimi wa nne. Ndolo wa kwanza.
Kabla hajafika kwenye "kwa masikitiko"
nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kodi, karo
na deni la unga kwa Mama Mueni.
Nilimwachia akoroge sukari yake kwa amani.

Mara ya pili ilikuwa saiba, Ronald Ngala,
nikiwachapia watu barua za kuomba kazi.
"Mimi ni mchapakazi, nina ari, najituma."
Niliwaandikia ari hiyo shilingi hamsini ukurasa
hadi simu zao zikajua kuiandika bure.

Na sasa wewe, usiku, hapa Umoja,
kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi,
unaifundisha mashine Kiswahili, ujira kwa sentensi.
Juzi uliniamsha saa sita: Baba, njoo uone!
Mzee *amekula chumvi nyingi*,
mashine inashauri apimwe shinikizo la damu.
Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Ukarekebisha. Shilingi nne.

Sikulala tena.
Nao K zao ni haba, nikawaza,
na mwenye tupa ni mwanangu.
Na Ndolo, nimekwambia, alikuwa wa kwanza.

Shangazi yako anasema uuguzi, wagonjwa hawaishi.
Mchungaji anasema umeme wa jua.
Mwenye nyumba, ambaye hajaulizwa, anasema Kanada.
Huenda wote wamesema kweli, kama Bwana Virdi.
Mimi sijui, Khavere. Andika hivyo: Baba hajui.
Najua tu kwamba kazi waliyonifundisha ilikufa
na jicho waliloninoa halikufa,
wala hakuna aliyekuwa amelitaja siku ya kuniajiri.

Haya, kunywa chai, inapoa.
Hapana, brosha usinigeuzie.
Ziache hivyo hivyo, zikuelekee wewe.
Hiyo ya katikati, chini kabisa, kwa maandishi madogo,
wanasema karo hairudishwi.