Kete Sitini na Nne

Mama aliuza chai Kalalani,
kambi ya vumbi jekundu, bonde la Umba,
na mchimbaji aliyeishiwa alimlipa jiwe.
Si yakuti. Yakuti haifiki kwa muuza chai;
husafiri ndani ya shavu la mtu, kimya,
mpaka mezani kwa dalali.

Yeye aliletewa yaliyokataliwa:
rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili,
rangi ya ganda la kitunguu,
moja kama ufizi wa mtoto anayeota meno.
Madalali waliyamulika tochi,
wakafumba jicho moja, wakayageuza:
"Yakuti si yakuti, ganeti si ganeti.
Halina kwao hili. Malaya tu."
Wakalitupa nje ya turubai
likaangukia karibu na jiko.

Jina lile Mama alilijua.
Mwanamke mmoja, wanaume mia mbili,
hana mume, ana birika:
kambi ilikwisha kumwita hivyo
kabla jiwe halijaitwa.
Akaliokota. Akaokota na mengine,
kila jioni, akiosha vikombe,
akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mwaka mashimo yalipojaa maji
alirudi Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
na birika, na kopo, na mimi tumboni.

Nilipokuwa na miaka saba
mdogo wangu Mbaruku alizimwaga komwe zote chooni.
Bao likabaki na mashimo matupu.
Mama akalifunua kopo, akahesabu
sitini na nne, hakuna lililobaki.
Komwe hugonga: ko.
Jiwe hulia: ti,
kama jino kwenye kikombe cha bati.
Miaka tisa tulinamua kwa mawe yale,
tukatakata, tukatekana,
Bi Mwanashuru wa jirani akiivunja nyumba yangu
kwa kiganja kilichojaa rangi
asizozitazama hata mara moja.

Kisha akaja Sekiondo,
dalali yuleyule, viatu sasa vya ngozi,
akakaa ukingoni mwa kiti.
Kumbe huko ng'ambo yamepimwa.
Kumbe yana ukoo wao wenyewe.
Bei, dada yangu, imepanda.
"Na jina?" Mama akauliza.
"Jina lilelile," akacheka kidogo.
"Ndilo linalouza."

Aliuza sitini na tatu.
Ikatoka bati, ikatoka ada ya Mbaruku,
yakatoka meno ya bandia ya Bibi
ambayo Bibi aliyavaa Idi mbili tu.
La mwisho tulilipeleka kwa Vrajlal, sonara,
duka lenye mlango mwembamba kuliko mteja.
Alilisugua kwenye gurudumu siku tatu.
Siku ya nne akatuita mlangoni:
juani, kijani cha jani lililoanza kukauka;
akalirudisha ndani, chini ya balbu,
likaona haya, likawa jekundu.
Mama hakusema neno. Alilitoa nje,
akalirudisha ndani, akalitoa nje,
mpaka wateja wakaanza kukohoa.

Fedha, si dhahabu; ndiyo tuliyoweza.
Vrajlal akachukua kitabu cha risiti,
akaandika *pete moja*, akaandika *jiwe*,
kalamu ikasimama.
Akanitazama mimi, akamtazama Mama,
akashusha sauti: "Niandike… ganeti?"
"Andika jina lake," Mama akasema.
"Mimi nalo tumelichangia.
Lisome kwa sauti, na bei yake mbele."

Risiti ninayo. Pete ninayo,
ninapiga nayo mihuri ya mizigo bandarini
na wakubwa huniuliza ni jiwe gani.
Siku nyingine nawaambia. Siku nyingine nasema chai.

Bao letu lina komwe tena, ko, ko,
mlio wa mvua isiyo na nia.
Na jioni kete moja ikikosekana
tukiinamisha vichwa kuitafuta chini ya mkeka,
Mama hainami.
Ananitazama kidole.