Shavu la Bastola

Fundi Mgalula huchonga mipini ya majembe
pale Ng'ambo, nyuma ya mashine ya kukoboa,
Tabora,
vumbi la pumba na vumbi la mninga
likitua pamoja juu ya kofia yake.

Jumatano mtu wa makumbusho alileta kitu ndani ya gazeti:
bastola ya enzi za Mjerumani,
mtutu umezibwa, kifyatulio hakichezi,
na mpini wake una shavu moja tu.
La pili lililiwa na mchwa.
"Nichongee mwenzake, lifanane."

Fundi hakuuliza imeua wangapi.
Aliuliza, "Mkono wa nani?"
Maana kwenye shavu la kulia, lililobaki,
kidole gumba kilikuwa kimechimba kishimo,
polepole, kama tone chini ya mtungi.
Mtu wa shoto, huyo.

Akanipa niishike. Mimi Kalunde, mwanagenzi wake,
wa shoto pia.
Kishimo kikanipokea kama mwenyeji.
Kisha kiwiko kikashuka chenyewe
na mkono ukaanza kutafuta ng'ombe.

"Umeona?" alisema. "Hiyo ni plau.
Aliyeichora alimtazama mkulima
anavyokandamiza mpini usimponyoke penye kisiki.
Zipo nyingine, za mviringo, huo ni mti wa ufagio.
Bunduki haikubuni kitu, mwanangu.
Imeazima shambani, haijarudisha."

Siku tatu. Tezo, tupa, msasa.
Akalichanja chale, mistari ikikatana,
jasho lipate pa kupita.
Akalipaka nta ya Sikonge, karakana ikanukia pori.

Lilipokwisha lilikuwa zuri mno, na hilo likamsumbua.
Mpini mwema, husema kila siku,
ni ule unaosahaulika mkononi.
Akaligeuza. Akaenda kunywa chai. Akarudi,
akashika patasi,
akaacha ukingo pale vidole vinapofungia,
mdogo tu, mkali kama ukucha wa mtoto.
"Macho hayatauona," alisema.

Mtu wa makumbusho alilipa, akasifu rangi.
Kila jembe hutoka hapa na herufi M chini ya mpini.
Shavu lile halikupewa.

Kipande kilichobaki, urefu wa kidole,
nilikichonga kikawa kishikio
cha mfuniko wa sufuria ya mama.
Hukishika kila jioni.
Hajawahi kukitaja.