Sita kati ya Kumi

Dundee, Novemba, saa kumi jioni
na giza limeshafunga maduka.
Chini ya ukurasa kuna kisanduku kitupu,
kile wanachokitaka kwanza, wakisomacho peke yake:
alama.
Maneno mia nane niliyoyapiga pasi hayapati mgeni.
Watu huteremka moja kwa moja hadi kwenye namba
kama mtu anayeingia matangani akiuliza pilau.

Mchezo wenyewe: mwanamke wa posta kisiwani,
baiskeli, mfuko wa barua, mvua.
Saa ishirini na mbili niliishi humo
baada ya zamu za usiku hospitalini,
miguu ndani ya beseni la maji moto.
Nikaandika: mwendo mzuri. Nikaandika: sura ya nne inajikokota.
Nikaandika kwamba mwisho umeshonwa kwa pupa, uzi unaonekana,
na kwamba mara mbili mchezo uliganda
ukanifutia safari nzima, barua arobaini,
pamoja na ile ya mjane iliyokwisha kuniliza.
Kuhusu mvua niliandika maneno matatu:
"Sauti nazo nzuri."
Nikatia sita.

Neno alama lina watoto wengi.
Ya mwalimu, kwa wino mwekundu, pembeni mwa insha.
Ya mguu kwenye tope.
Ya chanjo, hapa begani, miaka yote haijafutika.
Sikujiuliza ni ipi niliyokuwa nikiipiga.

Wakosoaji tulikuwa kumi.
Wakajumlisha, wakagawa: sabini na tisa kwa mia.
Nisingejua zaidi, kama si Morven wa ghorofa ya chini
niliyemkuta ngazini na maboksi.
Morven, niliyemgongea sakafu kwa mpini wa ufagio
majira mazima ya baridi, mwaka juzi,
kwa sababu ya kelele: tone, tone, tone-tone,
maji juu ya sinia, juu ya bati, juu ya koti la mpira,
saa sita za usiku, mtu mzima anachezea maji!
"Ilikuwa ile mvua," akasema.
"Miezi kumi na minne. Kila paa na mvua yake."
Mkataba ulisema themanini.
Themanini ni bonasi. Sabini na tisa ni asante,
na barua ya kuachishwa kazi.
Alisema akitafuta funguo, bila kunitazama, bila kunikwepa.
Hakujua. Au alijua: jina langu liko juu ya makala,
na ngazi hii haina Mwanakheri mwingine.

Usiku nikageuza bili ya gesi, nikapiga hesabu mgongoni mwake.
Sita yangu ikiwa saba,
mia nane, gawa kwa kumi.
Nikarudia, kama apekuaye mfuko
anaoujua kuwa umetoboka.

Mcheza kwao hutunzwa, sawa.
Na mimi niliyekaa kitini,
mkono ndani ya pochi,
nikihesabu hatua alizokosea?

Nilitaka kuteremka nimwambie
kwamba baiskeli ilipopita chini ya bati la kituo
niliweka kifaa mezani nikasimama,
maana mvua ile ilikuwa ikinyesha jikoni kwa shangazi, Korogwe,
na sikumbuki lini tena bati liliniita hivyo.
Hilo sikuliandika. Halikuenea kwenye kisanduku.

Lakini mwisho ule ulikuwa mbovu.
Bado ni mbovu. Saba ingekuwa uongo,
mdogo, wenye adabu,
wa thamani ya kodi ya nyumba.

Asubuhi gari la mizigo limeshakwenda.
Kwenye kona ya ngazi ameacha vya kutupwa:
taa, zulia, sinia la bati
lenye madoa ya kutu, duara ndani ya duara.
Nimelipandisha juu. Lipo dirishani,
na nje inanyesha mvua ya huku,
isiyopiga kitu, inayolowesha tu.

Mhariri ameleta mchezo mwingine, wa mazimwi.
Ananikumbusha: Ijumaa, maneno mia nane,
na namba, Mwanakheri,
usisahau namba.