Dosa Bila Hamira

Januari ya Kopenhageni haina huruma na mchele.
Tuliuloweka, tukausaga na choroko nyeusi,
uwatu kijiko kimoja, chumvi ya mawe,
tukakoroga kwa mkono mtupu, maana Alamelu husema
mkono wa mtu ndio chachu ya kwanza.
Asubuhi tukafunua ndoo:
rojo limelala vilevile, kama mtoto aliyenuna.

"Tieni hamira," akasema Bwana Thorkild, mwenye fedha.
Alamelu akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

Tulijaribu kila joto la mji huu.
Juu ya friji, pale injini inapohema.
Kando ya bomba la maji moto, chooni kwa wageni;
bwana afya akatuandikia karatasi ya njano.
Mwishowe akaibeba ndoo kwa baiskeli hadi kwake,
theluji ikimpiga kope,
ndoo kaivika sari yake ya arusi, ile nyekundu,
asiyoigusa tangu mume arudi Kumbakonam.
Akalala nayo. Kitanda kimoja, blanketi moja.
Alfajiri akanipigia simu, sauti chini kama ya mzazi:
"Selvam, limeumuka."

Mimi nilipika miaka tisa karibu na stesheni,
mahali palipoitwa Taji la Maharaja.
Mchuzi mmoja wa rangi ya chungwa, pipa zima:
ukitiwa krimu una jina hili, ukitiwa pilipili una jina lile,
na Ijumaa usiku walevi wakishindana nani atalia.
Mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali.
Kwetu pishi lilikuwa moja, majina ndiyo mbalimbali.
Sioni haya. Pipa lile lilimsomesha dada yangu.
Ila sikuwahi kumtumia mama picha ya sahani.

Sasa tuna meza kumi na mbili, na glasi nyembamba
ambazo naogopa kuzipumulia.
Thorkild alitaka tuandike "chapati laini ya Kihindi",
wageni wasijikwae ulimi.
Alitaka duara kamili, lisilo na dosari.
Alamelu akaokota chaki.
*Dosa*, akaandika, herufi nne, akafuta vidole kwenye aproni.
"Ukingo ukivunjika, umevunjika.
Matundu ni mlango wa samli."

Usiku ule alikuja mama mmoja peke yake, meza ya nne.
Koti la kijivu. Akaangusha uma makusudi
ahesabu tutachukua muda gani kuuokota.
Jikoni hakuna aliyesema neno, wote tulijua.

Dosa ya kwanza ikang'ang'ania chuma.
Ya kwanza ni ya chuma siku zote;
Alamelu akaikwangua, akaila amesimama.
Ya pili akaimwaga, akaizungusha kwa kitako cha upawa,
ikalia *shaaa*, ikakauka pembeni, ikajikunja yenyewe
kama barua ambayo haitaki kusomwa na jirani.
Kando yake mchuzi wa ukwaju, chatne ya nazi,
na vumbi la pilipili la nyanya yake, kiasi cha kucha.

Nilichungulia kwenye kioo cha mlango.
Yule mama alianza kwa kisu. Dosa ikapasuka, ikamkataa.
Akatazama kulia. Akatazama kushoto.
Akaweka kisu chini.

Baadaye akauliza, vidole vinang'aa samli,
"Hii inaitwaje?"
"Dosa."
"Namaanisha, kwa lugha yetu."
"Dosa," akasema Alamelu, kwa upole kabisa.

Barua ilifika wiki ya pili ya Machi. Nyota moja.
Thorkild akalia, akafungua chupa, akanikumbatia mimi,
ambaye kwa mwaka mzima aliniita Salim.
Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete;
cha Alamelu kilikuwa na lengelenge jipya,
pete isingepita.
Aliisoma barua mara moja, akaiweka chini ya mguu
wa mashine ya kusagia, ule unaoyumba.
"Nje leo digrii ngapi?" akaniuliza.
"Nne chini ya sifuri."

Mla ni mla leo.
Alikwisha kuanza kuifunga ndoo.