Saa ya Studio

Mwezi wa tatu wa mkataba wa mwaka mmoja
nimefika boksi la kumi na tisa.
Glovu za pamba, penseli laini, wino ni haramu humu,
feni imezimwa ili karatasi zisiruke,
na joto la Oktoba la Tabora
limenikalia mapajani kama mtoto wa jirani.

Picha zilitoka studio moja ya Ng'ambo
iliyokufa pamoja na mwenyewe.
Warithi walizileta kwa mkokoteni
ndani ya makasha yaliyowahi kubeba asali,
ndiyo maana nyingine zimegandana uso kwa uso,
nami nazibandua kwa pumzi na subira,
bwana harusi na askari,
mtoto mchanga na baiskeli.

Rejista haitaki hadithi.
Namba. Kipimo. Mwaka. Aliyepigwa. Hali.
Kwenye Aliyepigwa nimeandika hajulikani
hadi mkono sasa unaandika wenyewe:
mwanamke, hajulikani,
wanaume wawili, hawajulikani,
utadhani mji mzima ulipita mbele ya kamera
ukakataa kuitikia salamu.

Kitu kimoja nilikigundua, kichwa kikanivimba:
saa ya mkononi, kwa watu kumi na mmoja,
na kila moja, chini ya lenzi,
inasema saa kumi na dakika ishirini.
Nikamwandikia Bwana Mihayo ukurasa mzima
kuhusu mpigapicha na mapenzi yake
kwa mwanga wa alasiri.
Alisoma, akaguna, akasema, "Endelea."

Milembe alikuja kupiga deki.
Akasimama nyuma yangu, tambara likidondosha maji.
"Hiyo saa mbovu," akasema.
"Ilikuwa ya studio. Ilining'inia msumarini
pamoja na tai, na miwani isiyo na vioo.
Ukilipa, unavishwa.
Hata mimi nilivishwa, nina miaka sita,
ikanipanda hadi kwenye kiwiko.
Na huyo hajulikani wako ni Nyanzala,
shangazi yangu, wa Isevya, muuza ugoro.
Saa hakujua kuisoma.
Alitaka tu mkono uwe na uzito."

Nikaomba ule ukurasa urudishwe.
Nikafuta. Nikaandika Nyanzala,
nikauliza jina la baba yake, nikaandika na hilo,
herufi zikitetemeka kidogo.

"Nimshike," akasema.

Kanuni ziko ukutani, nilizibandika mimi,
kwa gundi isiyo na asidi.
Glovu ni jozi moja, nami nimezivaa.
Alijifuta mikono kwenye gauni, mbele, nyuma,
nikampa.

Hakusema kitu kwa muda.
Kisha: "Alikuwa mwembamba hivi!
Mimi nilimkuta mnene, anahema akivua viatu."
Akamrudisha mezani, akaokota ndoo.
Mlangoni akageuka:
"Yangu ukiiona, usiandike hajulikani."

Yamebaki maboksi arobaini na mawili.

Jioni nilijaza safu ya Hali.
Nzuri. Pembe ya juu imekunjika.
Ukingo wa kushoto, alama ya dole gumba,
mpya, yenye sabuni, haitatoka.
Chanzo cha dosari?
Niliuma penseli mpaka ikaonja mbao.
Nikaandika: jamaa.