Ulichokiona Wiki Hii

Ubao wenyewe ni mlango wa kabati la marehemu mama.
Niliung'oa kwenye bawaba, nikaupigilia ukutani
kati ya friji ya maziwa na gunia la viazi,
nikaandika juu kwa chaki: ULICHOKIONA WIKI HII.
Pini ni zangu. Picha ni za yeyote.

Sheria ni moja: iwe ya hapa,
hapa Hiiumaa, pale miguu ya mtu yaweza kufika
akarudi kabla chai haijapoa.
(Milvi aliwahi kuniletea piramidi. Nikamrudishia.)

Basi zikaja.
Shayiri iliyolazwa na mvua ya mawe,
na mawe yenyewe bakulini, kando ya yai, tulinganishe.
Kalunguyeye akinywa kwenye kisahani cha paka,
paka nyuma yake, kama mteja kwenye foleni.
Bata bukini elfu, au elfu mbili, nani ahesabu,
wametua juu ya ngano changa ya Ülo,
na Ülo kaandika nyuma ya picha:
Wageni. Hawakualikwa. Wamekula.

Mwezi wa nne alitua hudihudi.
Kwetu hupita miaka haonekani,
naye huyo, kilemba wazi, uwanja wa shule,
anachokoa wadudu mbele ya goli.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
watu wasiosemezana tangu kesi ya mpaka
walisimama bega kwa bega, wamebana pumzi.
Nilipokea picha kumi na nne za hudihudi.
Kumi na tatu ni za nyasi alipokuwa.

Na kila Ijumaa, Heldur.
Heldur hatoki; goti lake lilistaafu kabla yake.
Picha zake huletwa na dereva wa mkate.
Anga. Anga tena. Anga la kijivu,
kijivu cha risasi, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo,
siku moja la waridi kama ufizi wa mtoto,
yote kutoka dirisha lilelile la jikoni.
Watu wakaanza kucheka: "Heldur katuletea dari."
Hata mimi nilizibana pembeni,
chini ya tangazo la mbwa aliyepotea.
Mbwa alisharudi.

Mwezi wa kumi na moja mapafu yalimpeleka hospitali, Kärdla.
Ijumaa ikaja bila anga.
Sikujua kwamba ubao nao huweza kuwa na pengo.

Usiku ule, duka limefungwa,
nikazitoa zote kwenye kopo la biskuti, themanini na tatu,
nikazipanga juu ya kaunta, tarehe kwa tarehe.
Na pale chini, kulia, mahali kidole gumba hushika,
kila moja ina ncha ya bomba la moshi.
Bomba la Leida, ng'ambo ya shamba,
Leida wa miaka tisini na moja, yeye na redio yake.
Juu ya bomba, uzi:
umesimama, umelazwa na upepo,
umekatika kama neno la mtu aliyeitwa ghafla.
Pafukapo moshi pana mtu.

Moja tu haina moshi. Tarehe tisa Februari.
Nyuma yake, ambako sikuwahi kugeuza, penseli:
Nimepiga simu. Kuni zililowa. Yu mzima.

Nikampelekea Leida.
Alizitazama bila miwani, kisha kwa miwani.
"Mzee mjinga," akasema, "nami nikidhani anapiga mawingu."
Akanyamaza kitambo, akachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.
Halafu akaniomba simu, nimwonyeshe pa kubonyeza.

Leo nimebandika ya kwanza yake.
Nakala imekwenda Kärdla na gari la mkate.
Imetikisika, robo nzima ni kidole.
Alitoka nje kwenye theluji na kandambili,
akageuka, akaielekezea nyumba yake mwenyewe:
bomba lake, moshi wake,
na nyuma, kwa kuwa hakuna namna ya kuliepuka,
anga.