Vikaratasi

Kila Jumatano saa tisa alasiri, Mlimani, ghorofa ya pili,
chumba chenye feni tatu, inayozunguka moja,
nakaa katikati ya Profesa Rwechungura na Dokta Lwambano
kama figa la tatu: nisipokuwepo, chungu kinamwagika.

Ugomvi wao ni wa bakuli.
La buluu, lenye ufa, lilibanduliwa kaburini upande wa Kunduchi,
na mwaka wa tisa huu hawajaafikiana
lilikuja na nani, lini,
na aliyelipachika pale aliomboleza au alitamba.

Bakuli si kazi yangu. Kazi yangu ni vikaratasi.
Mwenye neno huliandika, hulikunja,
lipite mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma;
mimi hufungua, husoma kwa macho kwanza,
kisha hutoa sauti,
au sitoi.

"Mwulizeni huyo shahada kainunua soko gani."
Nikasoma: Msemaji anaombwa afafanue msingi wa hoja yake.
"Mwongo. Tena mwongo wa mchana kweupe."
Nikasoma: Yupo mjumbe ambaye ushahidi haujamtosha.
Vichwa vikatikiswa kwa adabu.
Lugha yetu haikosi kanga ya kumfunika aliye uchi,
nami nilikuwa nazo doti nzima mezani.

Na wewe, mwenyekiti, waona nini?
Huniuliza ngazini, tukishuka.
Naona saa, hujibu.
Wanacheka. Sikuwa nikitania.

Wapo waniitao mlinzi wa geti.
Mlinzi wa geti la Savei ana kirungu na mshahara,
na akikuzuia, unamwona usoni.
Mimi nikikuzuia
unadhani karatasi yako imepotea njiani.

Jana dobi wa Changanyikeni kaniletea koti la kijivu,
lile la masika, nisilolivaa mwaka hata mwaka.
Juu yake kaweka kikaratasi kilichopona sabuni:
"Mzee, hiki kilikuwa mfuko wa ndani. Kama ni deni, ulipe."

Penseli. Mwandiko wa mtu anayekandamiza.
Samahani mwenyekiti.
Kabla ya kaburi, humo mlikuwa mnaliwa nini?

Hakina jina. Lakini siku ile naikumbuka:
dakika nne zimesalia, Lwambano kasimama na kidole chake,
mvua inapiga bati la gereji ya chini.
Nilikiona kidogo mno, kikaratasi kile,
nikakitia mfukoni
nikatangaza: maswali yamekwisha.

Huenda ni Zamoyoni, wa kiti cha karibu na mlango,
aliyetumia penseli kwa kuwa kalamu zilimvujia mkobani.
Kwao Kunduchi, Mtongani.
Miaka mitatu alikaa pale
tukibishana juu ya makaburi ya mtaani kwao
na hatukumwuliza hata njia.

Leo nimekisoma. Neno kwa neno, bila kanga.

Rwechungura akafungua mdomo, akaufunga.
Feni ikazunguka.
Lwambano, taratibu, kama anayekumbuka kitu cha kwao:
"Wali?"
"Au uji," akasema mwenzake. "Uji pia huliwa bakulini."

Sikutazama saa.
Nilitazama kiti cha karibu na mlango.
Kijana mmoja, mgeni, alikuwa amekikalia,
anatafuta mahali pa kuchaji simu.